Siku Nilizokuwa na Kyungu Mlimani

Juzi nilipita soko la Manika asubuhi, mvua imekatika muda si mrefu. Mama mmoja anayeuza samaki wa kukauka alikuwa anafunua mizigo yake. Bashi alilofunikia, lile turubai zito la kijani la malori, lilikuwa limelowa, na alipolikung'uta harufu yake ilinifikia pale nilipokuwa: maji, mazutu ya injini, samaki. Nikasimama katikati ya njia. Kijana wa taxi-moto alipiga honi, akapiga tena, kisha akanizunguka huku akiniuliza kama nimelala. Wengi wakisikia harufu ile huziba pua. Mimi husikia njaa, husikia baridi ya mlimani mgongoni, na moyo unatulia.

Ninyi wa rika langu mliokulia hapa Kolwezi mnaikumbuka miaka ile. King'ora cha kazi kiliendelea kulia kila asubuhi, lakini baba zetu walikwenda na kurudi mikono mitupu. Mlipuko wa baruti kutoka mashimo ya mgodi wa Mashamba, ule uliozoea kutikisa sahani kabatini, ukawa leo unakuja, kesho hauji, mpaka ukanyamaza. Walimu wakaacha kufundisha. Halafu majirani zetu wenye asili ya Kasai wakaanza kufukuzwa nyumbani mwao, na gare, kituo cha treni, ikajaa watu waliolala juu ya magodoro yao wakingoja treni ya kuwapeleka katika nchi ya mababu ambayo wengi wao hawakuwahi kuiona. Hayo mnayajua. Ninalotaka kuandika ni safari moja ya kambi mlimani, Ijumaa mpaka Jumapili, ambayo kwangu ilikuwa furaha tupu karibu mpaka mwisho wake.

Kwanza niseme nyumba yetu ilivyokuwa. Mimi naitwa Kabange, na kwetu Waluba wa kaskazini mwa Katanga jina hilo halitolewi ovyo. Wakizaliwa mapasa, yaani mapacha, wa kwanza ni Kyungu, wa pili ni Kabange. Kwa hiyo kila aliyesikia jina langu aliuliza palepale Kyungu yuko wapi. Mama alijibu kwamba hayuko, na mazungumzo yakaishia hapo. Mapasa hawaliliwi. Mmoja wao akiondoka duniani hakuna kilio wala matanga, jina lake linabaki nyumbani, na yule aliyebaki hufanyiwa kila kitu kwa wawili. Mama akinishonea gauni, alishona na la pili kwa kitambaa kilekile. Akinipakulia bukari, ugali wetu, alimega tonge akaliweka kando. Hakuna aliyenieleza zaidi, nami nilikuwa mtoto wa haya, wa kujificha nyuma ya mlango wageni wakija. Sikuuliza. Nilijielewea mwenyewe kwamba nina dada, kwamba ametembea mahali fulani, na kwamba tunamngoja.

Gauni la pili halikukaa kabatini. Mama alimpa Kapinga, mtoto wa nyumba ya tatu kutoka kwetu. Baba yake, Tata Mukendi, alikuwa mtu wa Kasai, fundi wa mashine katika karakana za kampuni ya mgodi. Mama yake alikuwa mtu wa kwetu, upande wa Malemba. Kapinga alinizidi umri kwa zaidi ya mwaka mmoja, lakini kifua kilikuwa kinambana tangu alipozaliwa na hakikumwacha akue vizuri, kwa hiyo tulilingana urefu. Maneno alikuwa nayo ya kututosha wawili. Nikitumwa dukani, tulikwenda pamoja, na yeye ndiye aliyemwambia mwenye duka nilichotumwa. Nusu ya maisha yake alikula kwetu, na mama alikuwa na sheria moja: chakula kinagawanywa katikati, na hakuna anayeanza kabla ya mwenzake.

Zamu ya nyumba ya Tata Mukendi ilipofika, wote walikwenda kulala gare. Vumbi la pale, moshi wa majiko na baridi ya kiangazi vilikikamata kifua cha Kapinga. Watoto wengi walikuwa wanaugua pale, wengine hawakuamka. Jioni moja mama alikwenda kuwapelekea chakula, akarudi na Kapinga mgongoni. Akamlaza kitandani kwangu na kukaa naye mpaka pumzi ikarudi.

Mpango walioufanya wazazi niliambiwa nilipokuwa mkubwa, lakini nauweka hapa ili msomaji asipotee. Mama wa Kapinga alikuwa na kaka yake, mlinzi katika parki ya wanyama ya Upemba, juu kabisa kwenye milima ya Kibara ambako hewa ni safi. Kapinga apelekwe huko, akae mpaka wazazi wake wafike Kasai na kupata mahali pa kulala, ndipo wamfuate. Treni ingemmaliza. Barabara nayo ilikuwa na barieri za kuzuia magari, na kwenye barieri vijana walikuwa wanawateremsha watu wa Kasai, wakubwa kwa wadogo. Baba yangu wakati ule aliendesha lori la mfanyabiashara mmoja Mwislamu kutoka Kasongo, aliyenunua samaki wa kukauka kwenye maziwa ya Upemba. Lori lilikwenda tupu na kurudi limejaa. Na kila kiangazi watoto wa parokia yetu walipiga kambi mlimani na katekista wao, Mwalimu Yohana. Mwaka ule watu walimshangaa kwamba hakuiahirisha kambi. Aliwajibu kwamba watoto wanahitaji hewa.

Ijumaa alfajiri mama alitusuka nywele sawasawa, mistari ileile, uzi uleule. Akatuvalisha magauni ya kitambaa kimoja, ya njano yenye majani, na masweta juu. Nilimaliza mapema. Kwa Kapinga alichelewa. Alimfunga vifungo, akavifungua, akavifunga tena, amepiga magoti mbele yake. Kisha akamwambia kitu sikioni na kumsukuma polepole kuelekea mlangoni. Nilipomtazama mama, alikuwa anatazama magauni yale mawili yanavyotoka pamoja, na nilidhani anafurahia ushonaji wake.

Kwenye lori Mwalimu Yohana alikuwa amekwisha kuwaambia wenzetu. Alirudia tulipopanda: kuanzia hapa mpaka mlimani huyu ni Kyungu, na atakayemwita jina lingine atashuka arudi kwa miguu. Wenzangu wote walikuwa wakubwa kwangu na wote walielewa. Mimi nilidhani ni mchezo wa kambi. Nilikuwa sijaenda kambi, sikujua michezo yake.

Barieri ilikuwa kabla ya kufika Nzilo. Gogo limelazwa juu ya mapipa, moto pembeni, vijana wameuzunguka wakiota. Mkubwa wao alikuwa amevaa kofia ya mgodi. Alikanyaga tairi, akapanda, akachungulia nyuma tulipokaa juu ya bashi.

"Tata dereva, humu hamuna bilulu?"

Bilulu ni wadudu. Nilidhani anaulizia unga wetu, na nikamwonea huruma kwa wasiwasi wake, maana mama aliuchekecha jana yake mbele ya macho yangu. Sikujua kwamba ndivyo walivyowaita watu wa Kasai. Wenzangu walijua. Nilisikia hata kuni zikipasuka motoni.

"Ni batoto ba parokia," baba alijibu. "Banaenda kampi ku mulima."

Kijana akaanza kuuliza majina, mmoja baada ya mwingine. Ngoie, mvulana mkubwa kuliko wote, alitaja lake na la baba yake na la kijiji bila kuulizwa. Zamu ikamfikia Kapinga. Yeye aliyekuwa akisema kwa niaba yangu kila mahali hakutoa sauti. Kifua chake kilikuwa kinapiga mluzi chini ya sweta, na yule kijana akainama ausikie. Baba aliteremka, akazunguka lori, akaweka mkono juu ya ubao karibu na miguu yetu.

"Hao babili ni bangu," alisema. "Mapasa. Kyungu na Kabange."

Hapo ndipo akili yangu ya kitoto iliposhika njia yake. Baba hakuwa mtu wa mzaha. Alilisema mbele ya watu, kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayetaja siku ya juma. Nikamtazama Kapinga. Gauni ni lile, nywele ni zile, urefu ni ule. Magauni yote ya pili alivaa yeye. Matonge yote yaliyotengwa, mara nyingi alikula yeye. Kumbe ndiye. Alikuwa nyumba ya tatu siku zote hizi, na sikuona.

Kijana hakuridhika. Alimwangalia mmoja, akamwangalia mwingine. "Wa kwanza mbona kadogo hivi?"

"Wa pili njo alikuwa anakulya ya bote," baba alisema.

Wenzake kwenye moto wakacheka. Yeye hakucheka. Alishuka, akachokoa kwenye majivu, akarudi na kiazi kitamu kimoja cha kuchoma. Alimpa Kapinga peke yake, akasimama kungoja.

Mtu wa mbali asingeona kitu hapo. Lakini kwetu hakuna anayempa pasa mmoja zawadi na kumwacha mwenzake, na pasa aliyepewa peke yake hawezi kuitia mdomoni. Baba aliliona hilo, na mkono wake juu ya ubao haukusogea. Asingeweza kusema neno. Kapinga alikuwa hajala tangu jana yake. Alikirusha kiazi kutoka kiganja hadi kiganja, maana kilikuwa cha moto. Akakivunja. Akavitazama vipande, akanipa changu, akangoja mpaka nimeuma ndipo naye akauma.

Kijana akavua kofia yake ya mgodi. "Njo bo," aliwaambia wenzake, yaani ndio wenyewe. Kisha akarudi motoni haraka, akatafuta cha pili, akakikata mwenyewe kwa kisu na kutugawia, maana sasa aliona yeye ndiye aliyewasalimu mapasa vibaya, na mkosi wa mapasa hakuna autakaye. Gogo likainuliwa.

Kutoka hapo sikuuachia mkono wake. Nilisikia Mwalimu Yohana akipumua kwa nguvu, nilisikia Ngoie akiomba maji, na baba mbele akibadili gia vibaya, jambo ambalo hakuwa na desturi nalo. Sikujiuliza chochote. Lualaba ilipita chini yetu, maji yake ya kijani yametulia, kisha miti, kisha vumbi jekundu la njia ya Lubudi, na mchana kutwa nilikaa nimeegemea bega la dada yangu aliyepatikana, nikifikiria jinsi mama atakavyofurahi Jumapili.

Tulifika chini ya mlima jua linakaribia kuzama. Baba alifunga bashi kwa kamba kwenye miti, likawa nyumba yetu. Lilikuwa limefunika samaki safari nyingi, na umande ulipoanza kulilowesha harufu iliamka yote. Ngoie alisema tushukuru Mungu, chui akija atatunusa na kuomba msamaha kwa kutusumbua. Tulipika bukari kwenye sufuria ya parokia, tukala na samaki wa kuchemshwa na pilipili, tumekaa karibu sana na moto hata magoti yakaungua na migongo ikaganda. Mwalimu Yohana alituongoza kusali. Nilijifunika blanketi moja na Kapinga, nikasikiliza mluzi wa kifua chake ukipungua kidogo kidogo mpaka usingizi ukanichukua. Sijawahi kulala vizuri hivyo tangu siku hiyo.

Jumamosi tulipanda. Lori lilibaki chini kwa walinzi wa lango, na njia ilikuwa ya miguu tu. Mwanzo ilipita kwenye miti ya miombo, majani makavu yakilia chini ya viatu, na mahali penye kivuli palikuwa na kijito cha maji baridi hata meno yaliuma. Juu zaidi miti iliisha. Majani ya mlimani yalikuwa yamechomwa, na masizi yakatupaka miguu mpaka magotini. Sisi wa Kolwezi tulizoea milima ya udongo wa mgodi, ile inayomwagwa na malori. Huu ulikuwa mlima ambao hakuna aliyeumwaga. Nilimwambia Kapinga hivyo, akacheka, na kucheka kukamletea kikohozi.

Penye mteremko mkali kifua kilimbana. Alikaa juu ya jiwe, ameinama mbele, mikono magotini, midomo imepauka. Baba alitaka kumbeba, lakini alikataa kwa kichwa, maana kubebwa kulimkaza zaidi. Sote tulisimama. Mwalimu Yohana alimvuta baba pembeni, lakini upepo ulituletea maneno yao. Alisema mtoto huyu hafiki, arudishwe chini kwenye lori. Baba alimwuliza chini kuna nani. Mjomba wake anangoja juu, kwenye nyumba za walinzi, kama walivyoagana safari iliyopita ya lori, na sasa hakuna njia ya kumtumia habari, na Jumapili lori lazima lirudi mjini likiwa na samaki au bila samaki. Mwalimu akakuna kichwa. Watoto wakatazama chini. Kama tungegeuka, Kapinga angerudi barieri ileile, na mwisho wake ni gare.

Mimi habari ya mjomba sikuielewa. Nilichojua ni kwamba dada yangu amekaa juu ya jiwe na watu wanataka kumrudisha.

"Atafika," nilisema. "Tuende polepole kama yeye."

Wote waligeuka. Wengi wao walikaa nami kwenye katekisimu mwaka mzima na hawakuwahi kusikia sauti yangu. Ngoie alisema, "Kumbe kanasemaka," na kwa mara ya kwanza sikutafuta mlango wa kujificha. Hakukuwa na mlango.

Basi tukaenda kama yeye. Alitembea kidogo, akakaa, nasi tukakaa. Aliinuka, tukainuka. Ngoie alichukua mzigo wake bila kuambiwa, akaenda mbele akimtafutia mawe mazuri ya kukalia, akiyafuta kwa mkono na kuyataja kama mwenye duka la viti: hili la askofu, hili la mkurugenzi, hili limepasuka lakini bei yake ndogo. Jua lilipita juu ya vichwa vyetu na kuanza kushuka, na ghafla hakukuwa na mteremko tena.

Juu kulikuwa tambarare. Sikutegemea hilo. Nilidhani kilele kina ncha, kama tulivyochora shuleni, na mtu anasimama juu yake kwa mguu mmoja. Badala yake kulikuwa na nchi nzima, majani ya rangi ya asali mpaka jicho linapochoka, upepo usio na vumbi wala moshi, na mbali kidogo kundi la punda milia, wanakula, mikia inapunga. Tulikaa tukiwatazama. Mmoja wa watoto alisema walipakwa chokaa, akapigwa kofi dogo na dada yake.

Kapinga alilala chali. Mluzi ulikuwa umepungua. Niliona ndiyo nafasi, nikamwuliza jambo nililolibeba tangu barieri.

"Siku zote hizi ulikuwa wapi?"

Alinigeukia. Aliniangalia muda mrefu, na mimi nilidhani anakumbuka safari zake.

"Karibu tu," alisema. "Kila siku nilikuwa nakuona."

Nikaridhika. Lilikuwa jibu zuri kuliko nililotarajia.

Mjomba wake alitujia akitembea kwa haraka kwenye majani, sare yake imepauka mpaka rangi haijulikani. Alikuwa na uso wa mama yake Kapinga, hata ile mianya ya meno. Aliposimama mbele yake alichuchumaa, akaweka sikio kwenye kifua chake kama daktari, akasikiliza. Kisha akainua kichwa na kumwambia baba, "Hapa kitafunguka." Alituonyesha mahali pa kupiga kambi karibu na nyumba za walinzi, mke wake akatuletea maboga na maziwa ya mbuzi, na jioni ile Kapinga alikula kuliko mimi. Baba alitania kwamba sasa wa kwanza ameanza kudai deni lake. Nilicheka mpaka maziwa yakanitoka puani.

Jumapili, baada ya sala, tulikunja mablanketi. Nilikunja la kwetu na kumngoja Kapinga aje ashike upande wa pili. Alikuwa amesimama na mke wa mjomba wake, gauni la njano limefunikwa na koti kubwa la kiume. Nikamwendea baba.

"Tata, na Kyungu?"

"Kapinga anabakia kwa noko yake," alisema, yaani kwa mjomba wake, akifunga kamba.

"Mi sisemi Kapinga. Nasema Kyungu. Tulimupata, sasa unamuacha tena?"

Kamba ilimtoka mkononi. Aliniuliza nani aliniambia kwamba huyu ni Kyungu. Nikamjibu ni yeye, kwenye barieri, mbele ya watu wote.

Baba alikaa chini, palepale kwenye masizi ya moto wetu, na suruali yake ya Jumapili. Alinivuta nikae naye. Alitafuta njia ya kulisema ambayo mtu wa kwetu anaweza kuitumia. Mwishowe aliniambia kwamba Kyungu alirudi alikotoka tulipokuwa hatujaota hata meno, kwamba hakuna aliyenificha, ila mapasa hawasemwi hivyo. Huyu alimpa jina tu, ili apite.

"Na mama anayua?"

"Mama yako njo alisema tumupe."

Nilikaa nikiyazungusha maneno hayo. Kapinga alikuwa amekuja, amesimama nyuma yetu ndani ya koti lake. Nilimwuliza kama alijua. Akasema alijua.

"Uliniuliza na furaha," alisema. "Mi ningejibu nini?"

Midomo yangu ikaanza kutetemeka, na yake pia. Baba aliinua mkono wake, akasema hapana, mapasa hawaliliwi. Mjomba wake Kapinga aliyekuwa ananoa panga pembeni akaliweka chini. Alisema kwamba kama baba alitupitisha barieri kama mapasa, basi na tuachane kama mapasa, hakuna ubaya.

Kwetu mapasa wana nyimbo zao. Ni nyimbo za matusi, matusi ya kweli, ya kuwatukana baba na mama wa mapasa na yale waliyofanya mpaka wakawapata wawili kwa pamoja. Huimbwa mchana mbele ya watu wote, wakwe na watoto, na hakuna anayekasirika. Baba alikuwa hajaziimba tangu nikiwa mchanga. Alianza kwa sauti ndogo, akijitukana mwenyewe. Mjomba akaitikia, mke wake akapiga sufuria kwa mwiko, Ngoie akashika ubeti wa pili kwa ustadi uliotufanya tujue anakaa na bibi wa aina gani. Mwalimu Yohana alisema anatangulia kuangalia njia, akaondoka kwa hatua ndefu. Mimi na Kapinga tulicheza katikati, tumeshikana mikono, na tulipoanza kucheka hatukuweza kuacha.

Niseme tu kwamba njia ya kurudi ilikuwa salama. Kwenye barieri tulikuta vijana wengine, wakataka samaki, wakapewa, wakatufungulia. Nyumbani mama alimwuliza baba neno moja, kama amefika, na aliposikia amefika alikwenda kuchota maji yangu ya kuoga. Kapinga aliishi kule juu mpaka alipokuwa msichana, ndipo mama yake akamfuata. Leo ana watoto wake, wawili wana kifua kama chake, na anajua la kufanya.

Lakini ninapoikumbuka Jumapili ile naikumbuka mpaka penye kona ya njia tu. Tulikuwa tunashuka mstari mmoja, bado tunaimba kidogo kidogo kwa pumzi zilizobaki. Tukasikia sauti juu yetu. Kapinga alikuwa amekimbilia kwenye jiwe kubwa la ukingoni, koti limepeperuka nyuma, na alikuwa anaimba ule mstari unaomtukana mama wa mapasa, mstari ambao jibu lake ni la pasa wa pili, si la mtu mwingine yeyote. Alinyamaza, akangoja. Baba alisimama. Wote walisimama na kunitazama.

Nilijaza kifua nikajibu. Nilijibu kwa sauti yangu yote, lile neno baya kuliko yote, bila kumeza hata herufi. Ngoie alikaa chini kwa kucheka. Mwalimu Yohana, mbele kabisa, hakugeuka, lakini mabega yake yalikuwa yanatikisika. Na kule juu Kapinga alikuwa anarukaruka juu ya jiwe, pumzi anayo, na kabla mwangwi wangu haujafa alikwisha kuanza ubeti mwingine.